Harusi Iliyokwama Kizingitini

Dereva wa nyumba yetu kule Al-Naseem hakuwahi kukanyaga Afrika. Nilimuuliza mara tatu, siku tatu tofauti, kwa sababu sikuamini. Ilikuwa wiki yangu ya kwanza ya kazi za ndani Riyadh. Alikuja mlango wa jikoni na mifuko ya sokoni, akaitua sakafuni, akanyoosha kidole juu ya kabati na kusema, wazi kabisa, "Sufuria." Nilikuwa sijasikia neno la kwetu tangu nishuke kwenye ndege. Nilishika meza. Aliona nimeshtuka, akacheka, akaongeza, "Kisu. Fagio. Kuni. Polepole." Kisha akanyamaza, maana hayo ndiyo yalikuwa yote aliyokuwa nayo.

Alikuwa Mhindi wa miaka hamsini na kitu, Mwislamu, mwembamba, ndevu zake zimepakwa hina. Nyumba ile alikuwa ameitumikia miaka kumi na tisa. Tulizungumza kwa Kiarabu cha kuungaunga, kile cha yalla, yaani haya, na mafi, hakuna, na halas, basi, na pale kilipotuishia tulitumia mikono. Kwa hiyo maneno nitakayomwekea mdomoni hapa nimeyatafsiri mimi, na mimi nilikomea darasa la nane. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Nilimwita bhai, yaani kaka, kama wanavyoitana wao, naye akaniita dada, neno la sita, ambalo nilimpa mwenyewe.

Yale matano aliyatoa kwao. Alizaliwa kwenye mji mdogo wa soko, magharibi ya India, mahali ambapo mashamba yanaishia kwenye uwanda wa chumvi. Jina la mji sitaliandika, watu wake wapo. Zamani, aliniambia, wanaume wa mji ule walivuka bahari wakaja kwetu kuuza nguo na kufungua maduka, Mombasa, Unguja, hata vijiji vya ndani. Walikaa miaka ishirini, thelathini, na waliobahatika walirudi wakajenga. Upo mtaa mzima wa nyumba zao za ghorofa, na nyingi zimefungwa kufuli kwa kuwa wenyewe wamekufa au wamehamia nchi za baridi. Wake zao walirudi na maneno ya jikoni. Mama yake dereva alikuwa akienda kuwasaidia kupika siku za karamu, akatoka na maneno yale kama mtu anavyotoka na pilau kwenye bakuli. Ndiyo sababu mtu ambaye hajaiona Mombasa anaita sufuria sufuria.

Nilimsikiliza siku za Alhamisi, mimi nikichambua mboga, yeye akishusha katoni za maji. Madam, mwenye nyumba, hakutukataza mradi mlango wa jikoni uwe wazi. Baadaye niliandika kwenye daftari. Sijui kwa nini niliandika. Labda kwa sababu siku zote nilikuwa ndani, na mji ule ulikuwa mahali pa kutembea.

Soko lao ni Jumatano. Ngamia na mbuzi huuzwa nje ya ukuta wa mji, na ndani wamo wafua kengele. Hapo nilimkatiza, nikasema kengele ni kengele. Akakasirika kidogo. Kila mchungaji, alisema, ana mlio wake, na anapokwenda kununua humpa mfua kengele mgongo, ili macho yasidanganye masikio. Fundi hugonga moja, mchungaji hutikisa kichwa. Hugonga nyingine. Wanaweza kukaa hivyo mpaka adhuhuri, mtu mmoja akitazama ukuta. Baba yake dereva alikuwa mtia nguo rangi, na mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko. Hata walipomwosha alipokufa rangi haikutoka, akazikwa nayo. Kisha likaja tetemeko, likaangusha mnara wa saa. Saa yenyewe ilitoka nzima, wakaipachika kwenye ukuta wa ghala la nafaka, chini mno, hata mbuzi wakawa wanajikuna kwenye mishale yake na mji mzima ukawa unachelewa.

Na nyuma ya ghala hilo, alisema, wanakaa watu wa ngoma.

Aliwaeleza kwa fahari, na hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Hakuna harusi inayotoka katika mji ule, ya tajiri wala ya maskini, kabla bibi mkubwa wa watu wa ngoma hajaja kukaa mbele ya mlango na kugonga kizingiti kwa ngoma yake ndogo, mara tatu, na kuomba dua. Hapo tu ndipo bwana harusi huvuka. Watoto wachanga pia huombewa nao. Wafanyabiashara wakubwa wakifungua duka huwaita wao kwanza. Nilimuuliza kama ni masharifu. Akafikiri, akasema hapana, ni watu wa baraka tu. Hakusema wanafananaje na mimi sikuuliza. Nani huuliza wapiga ngoma wanafananaje?

Alikuwa mtu mwema kwangu, lazima niandike na hilo. Jino liliponivimba uso mzima, yeye ndiye aliyemwambia baba, yaani bosi wetu, kwamba nitakufa mikononi mwao, jambo ambalo halikuwa kweli, akanipeleka hospitali na kusimama nje juani muda wa saa nne. Mama yangu alipofariki alisimama mlangoni pa jikoni akainua mikono kuniombea, na machozi yakamtoka kwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo aliponieleza habari za binti yake, nilikuwa upande wake kabla hajamaliza.

Binti alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana pale mjini kwao. Alimpenda kijana wa mji huohuo, fundi wa viyoyozi, ambaye kazi ilimleta Jeddah. Kijana alituma wazee wakaposa. Dereva alikataa kwa simu. Wazee wakatumwa tena, akakataa tena, na binti akasema basi, atangoja, na hataolewa na mwingine.

"Mlevi?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Hana kazi?"

"Anayo. Na ikama yake ni safi, kibali cha kukaa anacho."

"Haswali?"

"Anaswali kunishinda mimi."

"Sasa?"

"Si watu wetu, dada."

Nikadhani ni mambo ya kazi, kwamba watia rangi hawaozi kwa wafua kengele, kitu kama hicho. Kila mahali pana mambo hayo. Nikamwambia, na maneno yapo daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe, siwezi kuyakana, "Mzazi ndiye anajua. Usikubali kusukumwa na mtoto." Alifurahi sana. Siku ile aliniletea embe.

Mwaka uliofuata baba alihamishwa kikazi, na nyumba nzima ikahamia Jeddah, mimi na dereva tukiwa miongoni mwa mizigo. Jeddah joto lake ni la mvuke, kama la kwetu pwani, na nilipata amani kidogo. Dereva alipewa chumba cha uani karibu na geti. Ijumaa moja baada ya swala kengele ya geti ililia. Dereva alikuwa bafuni kwake. Nikajifunga mtandio nikaenda kufungua, nikamwona kaka yangu.

Si kaka yangu, lakini ndivyo nilivyoona kwa mara ya kwanza. Kijana mrefu, mweusi kama mimi, nywele zetu, pua yetu, na hata kile kipaji cha uso kilichojitokeza ambacho kwetu tunasema ni cha ukoo wa mama. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Nilikuwa nimekaa miezi sijaona mtu wa kwetu uso kwa uso, na furaha ikanitoa adabu.

"Karibu, kaka! Wa pande zipi? Kilifi?"

Akanitazama tu.

"Kwale basi? Usiniambie Lamu, Lamu hawana urefu huo."

Akatabasamu kidogo.

"Haya, ndio nyinyi," nikasema. "Mwaka mmoja Uarabuni mmeshasahau lugha ya mama. Ukirudi utamwamkia mamako kwa Kiarabu? Atakupiga na mwiko."

Akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiarabu kama changu, cha kuokoteza, "Samahani dada yangu, sijaelewa hata neno. Mimi Mhindi."

"Wewe Mhindi, na mimi Mchina!"

Hapo akatoa ikama mfukoni na kunionyesha. Sijui Kiarabu cha kusoma, ila neno India nilikuwa nimelizoea kwenye ikama ya dereva. Lilikuwa palepale. Nilisimama nimeshika kile kikadi cha mtu, nikitazama picha, nikitazama uso, na mdomo wangu uko wazi. Nikahisi ninadhihakiwa na kitu, sijui na nini.

Dereva akatoka, ndevu zinadondoka maji. Alipomwona akasimama. Wakaanza kusema lugha yao, kwa haraka, lugha ambayo nilimsikia dereva akiisema na mkewe kwenye simu kila siku, na ilitoka katika kinywa cha yule kijana bila kukwama hata kidogo. Sikuelewa neno, lakini nilielewa ni nani. Huyu ndiye fundi wa viyoyozi. Alikuwa amekuja kutoka Al-Mahjar, kusini kabisa mwa mji, mabasi mawili, kuposa mwenyewe kwa mdomo wake.

Hakukaribishwa ndani. Dereva aliingia chumbani akatoka na chai kwenye kikombe cha karatasi, akampa palepale getini, wote wamesimama. Kijana aliinywa yote, polepole, kwa heshima. Kisha akakikunja kile kikombe kikawa kidogo, akakitia mfukoni mwa kanzu kana kwamba hakutaka kuacha taka kwa watu. Akainama kidogo kwangu pia. Akaenda.

Nilirudi jikoni. Na hapo, juu ya kaunta, palikuwa na kikombe changu cha chai ya asubuhi ambayo dereva alinipikia, kwa sababu Ijumaa asubuhi alikuwa akinipikia chai ya maziwa na iliki. Kikombe cha karatasi, cha kutumia na kutupa, kama cha yule kijana. Nikajaribu kukumbuka siku hata moja, Riyadh au Jeddah, ambayo alinipa chai yake kwenye kikombe cha udongo. Yeye alikuwa navyo viwili, vya buluu. Sikukumbuka hata siku moja.

Nataka kuwa mkweli hapa. Inawezekana alifanya hivyo kwa kuwa mimi ni mwanamke na hakutaka vyombo vyake vikutwe jikoni kwangu, madam akauliza maswali. Ni sababu nzuri. Mpaka leo sikumuuliza, kwa hiyo sijui, na nisiyoyajua sitamwandikia kama dhambi. Lakini siku ile nilikiangalia kile kikombe muda mrefu, chai iliyobaki imeshaganda utando.

Wiki mbili nilimjibu kwa ndiyo na hapana. Mwishoni akaja na kitunguu kimoja mkononi, kama kisingizio.

"Dada, umeninunia."

"Sijanuna."

"Umenuna. Hata kitunguu nakuletea hukitazami."

Nikaweka kisu chini. "Bhai, yule kijana ni wa watu wa ngoma?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia ni watu weusi?"

Akashangaa kwa kweli, si kwa kujifanya. "Hukuuliza."

"Wametoka wapi?"

"Kwenu. Zamani sana. Wengine walikuja kama mabaharia na askari wa wafalme. Wengine waliletwa." Akasita. "Walinunuliwa."

"Na ndio wanaobariki harusi zenu."

"Ndiyo. Bila wao hatuvuki."

"Na wakishabariki, wanakula nanyi?"

"Chakula chao hupelekewa nje, kizuri sana, sinia nzima. Wao ndio hupakuliwa kwanza." Alisema hivyo kama mtu anayetoa ushahidi wa kumwokoa.

"Kwa nini usimpe binti?"

Akakigeuza kitunguu mkononi. "Ni watu wema, dada. Sijawahi kusema ni wabaya. Lakini hawana ukoo. Hawajui babu wa babu yao ni nani. Mtu humpi binti yako kwa watu wasio na ukoo."

"Na mimi ni nani kwako?"

"Wewe dada yangu!" akasema kwa nguvu, karibu alie. "Wewe una kwenu. Una kijiji, una kaburi la bibi yako. Wao walipotezwa."

Nilidhani nitamrushia kisu. Sikurusha chochote, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeyasikia kabla, kwa sauti ya mama yangu, kwa lugha yetu. Hawana ukoo.

Sikupanga kuandika jambo hili, ila nikiliacha nitakuwa nimempima mtu kwa mizani ambayo mimi mwenyewe sikuipanda. Kaka yangu mkubwa alitaka kuoa msichana wa kule misheni, katika watu ambao babu zao walikombolewa kwenye meli za watumwa wakateremshwa pwani kwetu, wakapewa viwanja na kanisa. Watu walewale wa rangi yetu, dini yetu, wanaimba kwaya moja nasi. Mama akasema hawana ukoo, tutawauliza mizimu gani siku ya matanga? Aliyetumwa kwenda kumwambia msichana yule ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimkuta anaanika kunde, nikamwambia, nikaondoka, na njiani nikachuma mapera nikala. Hilo la mapera nalikumbuka vizuri kuliko uso wake. Kaka alioa mwingine, ana watoto wanne, sijamsikia akilalamika. Ila tangu siku ile hajawahi kunituma kwa mtu yeyote.

Nilimweleza dereva yote hayo, nimesimama, kwa Kiarabu chetu kibovu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea aseme, umeona, hata nyinyi. Angekuwa na haki ya kusema. Aliweka kitunguu mezani akatoka, na posa ikabaki imekataliwa vilevile.

Harusi ya mwanawe wa kiume ilifika mwezi wa pili baada ya hapo. Ruhusa hakupata, maana ilikuwa kipindi cha mitihani ya watoto wa nyumba na hakukuwa na wa kuwapeleka. Baba alimwahidi likizo mitihani ikiisha. Basi siku yenyewe, baada ya chakula cha mchana, alivaa koti, akaja uani mlango wa jikoni ambapo mtandao ni mzuri, akaegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, na mimi nikasimama nyuma yake nikifuta sahani.

Kwa mara ya kwanza niliuona mji niliokuwa nikiuandika. Ulikuwa mdogo kuliko daftari. Kichochoro, nyaya za umeme, ukuta wa rangi ya chokaa, watu wengi, farasi amepambwa maua. Bwana harusi alikuwa amesimama ndani ya mlango, kilemba chekundu, uso unatoka jasho. Na mbele ya kizingiti, chini kabisa, juu ya mkeka, ameketi bibi mmoja mzee. Sahani ilinitoka mkononi. Alikuwa mama yangu. Nasema tena, najua si mama yangu, mama yangu nilimzika kwa simu. Lakini kukaa kule, mguu mmoja umenyooshwa, kidole gumba cha mguu kikichezacheza, ni yeye. Ngoma yake ndogo alikuwa ameilaza mapajani, uso wa ngozi ukitazama chini.

"Mbona hawatoki?" nikauliza.

Dereva aliinamia kioo. Alikuwa anauliza hukohuko kwenye simu, na sauti kumi zinamjibu. Akanigeukia. "Hagongi."

"Amekataa?"

"Hajakataa. Amekuja, amevaa vizuri, amekaa. Hagongi."

"Anataka nini?"

"Hajasema anataka kitu."

Bibi yule alikuwa nyanya wa fundi wa viyoyozi. Hilo dereva alilijua, mimi nililijua, na kichochoro kizima kililijua, na hakuna aliyelitamka. Walikuwa wamekaa hivyo zaidi ya saa nzima. Farasi alishaanza kula maua yake. Watu wa kijiji cha bibi harusi walikuwa wanapiga simu kuuliza kama kuna msiba. Mjomba mmoja akaleta tarumbeta za kukodi kutoka mji mkubwa, zikapigwa kwa nguvu, na bwana harusi akainua mguu. Hapo akatokea mama yake dereva, kikongwe, yule wa maneno ya jikoni, akanyoosha fimbo mlangoni. Dereva akanitafsiria: "Mama anasema mjukuu wake havuki. Babu yake alivuka kwa kugongewa, baba yake alivuka kwa kugongewa. Anasema zimeni hizo tarumbeta."

Tarumbeta zikazima.

Madam akaja mlangoni na kikombe cha kahawa. "Kuna nini? Bwana harusi yuko wapi?"

"Mafi harusi, madam," nikasema. Nikamweleza kwa ufupi, ngoma, kizingiti, posa iliyokataliwa. Macho yakamtoka. Akavuta kiti.

"Wewe!" akamwambia dereva. "Kijana ni Mwislamu?"

"Ndiyo, madam."

"Ana kazi?"

"Ndiyo, madam."

"Halas! Mpe, watu watoke na hilo jua!"

Ni rahisi kucheka, na madam alikuwa akicheka kidogo. Dereva hakucheka. Alisema kwenye simu kwamba mambo ya kugonga milango hayamo kwenye dini, wavuke tu, yeye baba mtu ameruhusu. Hakuna aliyesogea. Mama yake hata fimbo hakuishusha. Dereva akanigeukia mimi. "Dada, nifanye nini?"

Nimejiuliza mara nyingi kama ningesema vizuri zaidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na kitu pekee kilichonitoka ni, "Sijui, bhai." Ilikuwa kweli. Nilimtaka akubali hata mikono inaniuma kwa kutaka, na papo hapo nilimhurumia, mtu kubanwa mbele ya mji mzima, yeye yuko nchi nyingine amevaa koti kwenye joto. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Akaomba simu ipelekwe kwa bibi wa ngoma. Uso wa yule bibi ukajaa kioo chote. Dereva akamwamkia. Kisha akasema jambo moja fupi, na nyuma yake kichochoro kikapiga kelele kama uwanja wa mpira. Hakuhitaji kunitafsiria lakini alinitafsiria. "Nimemwambia, binti yangu nimempa mjukuu wako."

Madam akapiga makofi. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

Simu ikanyang'anywa. Uso mwingine, msichana, mtandio wa njano, macho mekundu. Binti. Nilimjua kwa pua ya baba yake. Aliongea taratibu, kama mwalimu mbele ya darasa, na kadiri alivyoongea ndivyo dereva alivyozidi kuwa mdogo ndani ya koti lake. Sikujua amesema nini mpaka baadaye, na hivi ndivyo alivyonieleza mwenyewe, bila kujipunguzia: "Baba, uliponikatalia hukuniuliza. Leo unanitoa, hukuniuliza. Umenitoa ili farasi apite. Sitaki kutolewa hivyo. Leo ni siku ya kaka. Yangu mimi njoo nyumbani, ukae, uniulize."

Nilimwona bibi wa ngoma pembeni ya kioo. Alikuwa anamtazama yule msichana, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Akasema neno, akaigeuza ngoma, akagonga kizingiti mara tatu.

Bure. Hakuna aliyempa chochote, ahadi yenyewe ilikuwa imeshakataliwa na binti mwenyewe, naye akagonga. Akanyanyua mikono akaomba dua, farasi akasogezwa, kilemba chekundu kikavuka. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka siku ile ya geti. Nilikuwa nimeshaweka akilini mwangu kwamba amekuja kulipiza, na nilikuwa nimempongeza kimoyomoyo.

"Amesema nini?" nikamuuliza dereva. "Kabla ya kugonga."

Alikuwa bado ametazama kioo, ingawa kioo sasa kilikuwa kinaonyesha miguu ya watu tu.

"Amesema, mguu ulikuwa unamuuma, alitaka kukaa kidogo."

Siku tatu alifanya kazi tu. Aliendesha, alishusha maji, alifunga geti. Siku ya nne alimwendea baba akamkumbusha likizo, na mitihani ilipoisha akaondoka, siku kumi, na sanduku dogo. Hakuniambia atajibu nini, na sikumuuliza, maana swali halikuwa langu wala jibu halikuwa lake.

Ujumbe wake wa kwanza wa sauti ulikuja siku ya pili. Alimuuliza binti siku aliyofika, wawili peke yao, wamekaa. Binti akamwambia, subiri. "Ananisubirisha, dada," akasema, na sikuweza kujua kama ni hasira au ni nini. Siku ya tatu, anasubiri. Siku ya nne hakutuma kitu. Ya tano ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Binti alimjibu asubuhi: ndiyo, anamtaka fundi. Lakini jibu hilo baba alipeleke mwenyewe nyuma ya ghala la nafaka, kwa miguu, soko likiwa limejaa.

Ujumbe wa siku ile ninao bado kwenye simu. Unaanza na kelele za soko, kisha kelele zinakwisha, na yeye anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Anasema: "Dada, nimezaliwa mji huu. Mtaa ule sikuwahi kuuingia. Ni nyumba kumi na moja tu. Nilipofika mlangoni kwao nilisimama nje, nikangoja waniletee kitu nje. Bibi akaniuliza, unangoja nini hapo juani? Nikaingia. Wakatandika, wakaleta sinia moja." Hapo nasikia kuku. "Nikala."

Hakusema kama chakula kilikuwa kitamu. Hakusema amefurahi. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kutafuta kitu zaidi katika sauti yake, na siwezi kuapa kwamba kipo.